Kuiga Theluji kwa Kompyuta Ukiwa Nakuru: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nikimwambia mtu kwenye matatu ya Njoro kwamba kazi yangu ni theluji, kwanza hucheka, kisha huanza kuuliza. Maswali huwa yale yale, na majibu nimeyarudia mpaka nikaona heri niyaandike. Nimeyaacha katika mpangilio wanaoulizia watu, kuanzia la kwanza ambalo halikosi.

Theluji na Nakuru wapi na wapi?

Ni kweli, hapa tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na koti zito tunalivaa Julai tu. Lakini modeli ya kompyuta haihitaji niwe na baridi miguuni. Inahitaji namba za kila saa: joto la hewa, unyevu, kasi ya upepo, mwanga wa jua, mnururisho wa joto unaoshuka kutoka angani, na kiasi cha mvua au theluji kilichoanguka. Namba hizo hupimwa kwenye vituo kama Weissfluhjoch juu ya Davos, Uswisi, au Col de Porte, Ufaransa, kisha zikawekwa wazi kwenye intaneti. Mimi huandika na kukagua programu zinazozitumia. Theluji yenyewe nimeikanyaga mara moja tu, Mlima Kenya, na viatu vikavuja.

Ile ya Nyahururu mwaka 2008 haikuwa theluji?

Haikuwa. Septemba 2008 mteremko mzima eneo la Busara, karibu na Nyahururu, uligeuka mweupe na watu wakamiminika kuona maajabu. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ile ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana na kushikana. Wakazi wa Kericho na Nandi Hills hawakushangaa sana, kwa sababu kwao mawe huanguka mara nyingi kuliko karibu popote duniani.

Tofauti iko katika kuzaliwa. Chembe ya theluji hukua ndani ya wingu baridi kwa mvuke kuganda moja kwa moja kuwa fuwele, ndiyo maana ina matawi matawi na hewa nyingi katikati. Jiwe la mvua ni matone ya maji yanayogandia juu ya punje huku hewa inayopanda kwa nguvu ikiirusha juu tena na tena. Ukitaka kuzitofautisha bila darubini, chukua debe la lita 20. Likijaa theluji mpya iliyoanguka kwa utulivu, mzigo wake ni kilo 1 hadi 2. Likijaa mawe ya Kericho, jiandae kubeba kama kilo 10.

Modeli ya theluji ni kitu gani hasa?

Ni daftari la duka. Kwa kweli ni madaftari mawili yanayoandikwa kwa pamoja, na yasipolingana unajua kuna mahali umeibiwa.

La kwanza ni la uzito. Kinachoingia ni theluji, mvua na umande unaogandia juu. Kinachotoka ni maji yanayochuruzika chini, mvuke unaopotelea hewani, na theluji inayopeperushwa na upepo kwenda kwa jirani. Kipimo chake ni kizuri kwa mtu mvivu wa hesabu: kilo 1 ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na milimita 1 ya maji. Kwa hiyo mtu akikuambia theluji ina kimo cha mita moja hajakuambia kitu mpaka aseme uzito wa kila mita ya ujazo. Ikiwa ni kilo 300, mita ile ina milimita 300 za maji. Ikiwa ni kilo 80, ina 80 tu. Wenye mabwawa ya umeme hulipia namba hiyo, wala hawana haja na kimo.

La pili ni la nishati, na hapo ndipo kazi ilipo. Kinachoingia ni mwanga wa jua uliofyonzwa, mnururisho wa joto kutoka mawinguni na hewani, joto linaloletwa na upepo, na kidogo kutoka ardhini. Kinachotoka ni mnururisho wa theluji yenyewe na joto linalobebwa na mvuke. Theluji ya nyuzi sifuri hutoa takriban wati 315 kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana, bila kupumzika.

Sasa tuseme baada ya kujumlisha na kutoa umebaki na faida ya wati 200. Kwa saa moja hizo ni jouli 720,000. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji jouli 334,000. Gawanya, upate kilo 2.2, yaani milimita 2.2 za maji. Lakini usiyahesabu kabla hujaangalia deni. Ikiwa theluji iko nyuzi 8 chini ya sifuri, faida yote kwanza inalipa deni la baridi, yaani kuipandisha theluji hadi sifuri. Deni likiisha ndipo tone la kwanza linatoka. Na theluji haiwezi kupanda juu ya sifuri hata ukiibembeleza, kwa hiyo kila kinachozidi hapo kinageuka maji. Sheria hii moja ndiyo inayosumbua watu wengi wanaoandika programu yao ya kwanza. Utaona theluji yao ina nyuzi 3 na wao wanaendelea kunywa chai.

Kuna njia ya mkato: unahesabu nyuzi zilizopita sifuri kwa siku na kuzizidisha kwa milimita kadhaa. Inafanya kazi vizuri kuliko inavyostahili, hasa mahali ambapo umeipimia. Eric Anderson wa Marekani alitengeneza modeli ya namna hiyo mwaka 1973 na bado wanaotabiri mafuriko kwao wanaitumia. Mwaka 1976 akaandika nyingine yenye mizania kamili ya nishati, na modeli nyingi za leo ukizikuna kidogo utakuta ni wajukuu wa ile.

Jua la ikweta ni kali. Theluji ya Mlima Kenya inawezaje kukaa hata siku moja?

Kwa sababu inalikataa jua. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga. Sehemu hiyo inayorudishwa huitwa albedo, na ukiniuliza nibaki na namba moja tu ya kukagua kwenye modeli yoyote, nitachagua hiyo.

Piga hesabu ya jua la saa sita mchana, wati 1,000 kwa mita ya mraba. Theluji yenye albedo ya 0.85 inafyonza wati 150, ambazo peke yake zingeyeyusha milimita 1.6 kwa saa. Barafu chafu yenye albedo ya 0.3 inafyonza wati 700, na hizo ni milimita 7.5 kwa saa. Jua lile lile, mlima ule ule. Kwa hiyo theluji nyembamba ikianguka juu ya barafu kuukuu inaikinga kwa siku kadhaa, na mvua za masika zikikawia barafu inabaki uchi. Modeli inalazimika kuzeesha albedo: kila siku inayopita fuwele zinakuwa kubwa na za mviringo, vumbi linatua, na weupe unafifia.

Ukiwa Kisumu unaweza kulishika jambo hili kwa mikono. Nilinunua barafu kwa wauza samaki Dunga, nikavunja vipande viwili vya uzito uleule, kimoja nikakipaka unga wa makaa, nikaviweka juani kwenye vichujio vya chai juu ya sufuria, na nikawa napima maji kwa mizani ya jikoni kila dakika kumi. Kile cheusi kiliwahi kuisha. Mama aliyeniuzia alitazama yote akasema hilo analijua bila mizani, ndiyo maana barafu yake huifunika kwa gunia na maranda ya mbao. Na yeye yuko sawa kuliko alivyodhani: uchafu mwembamba huharakisha kuyeyuka, uchafu mnene hugeuka blanketi. Kwenye barafuto, yaani mito ya barafu, zilizofunikwa na mawe kule Himalaya tunaandika milinganyo ya jambo hilohilo la gunia.

Inakuwaje theluji ipungue bila hata tone la maji?

Inageuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia maji. Hewa ikiwa kavu na jua ni kali, hali hiyo ni ya kawaida kabisa kwenye kilele cha Kilimanjaro. Kituo cha kupima hali ya hewa kiliwekwa juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, kilele hicho, mwaka 2000, na watafiti Thomas Mölg na Douglas Hardy walitumia vipimo vyake kujenga mizania ya nishati ya barafu ile.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulipindua. Kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunakula takriban jouli 2,830,000, zaidi ya mara nane ya kuyeyusha. Kwa hiyo hewa kavu inaiba barafu, lakini inaiba kwa gharama kubwa na hivyo kuinyima nishati ya kuyeyuka. Hewa ikilowa, kiasi kilekile cha nishati kinamaliza barafu nyingi zaidi. Mtu akiangalia kipimajoto peke yake hataliona hili kamwe.

Kwa nini mnaikata theluji matabaka matabaka?

Kwa sababu kila tufani inaacha tabaka lake na kila tabaka lina historia yake. Theluji ni blanketi zuri kwelikweli. Hewa iliyonaswa ndani inaizuia kupitisha joto. Usiku wa baridi, juu kunaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri huku chini, penye udongo, kukiwa karibu na sifuri. Mvuke unapanda kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, unakula fuwele za chini na kugandia zile za juu. Tofauti ikizidi takriban nyuzi 10 kwa mita, punje zinaacha umbo la mviringo na kuota kingo kali. Ukizishika zinamwagika kama sukari, hazishikani.

Sasa weka tufani mpya juu ya sukari ile. Mteremko ukiwa mkali na mtu akapita na mbao zake za kuteleza, tabaka la chini linakatika na mlima unashuka naye. Ndiyo sababu Wafaransa walitengeneza Crocus miaka ya 1980 na Waswisi wa Davos wakatengeneza SNOWPACK: zote zilianza kama msaada kwa wanaotoa tahadhari za maporomoko ya theluji. Crocus hubeba hadi matabaka 50, na kila moja lina joto lake, uzito wake, maji yake na umbo la punje zake. Anayetaka kujua tu maji ya mto yatafika lini, matabaka matatu yanamtosha.

Maji yakiyeyuka juu yanaenda wapi?

Mengi hayafiki mbali. Theluji hushika maji kama sifongo, asilimia chache ya ujazo wake, kisha yanayozidi hushuka tabaka la chini. Yakikuta tabaka lenye baridi yanaganda tena na kutoa joto lote lile la jouli 334,000 kwa kilo, hivyo yanapasha moto theluji iliyo ndani kabisa ambako jua halifiki. Modeli rahisi hujaza ndoo moja mpaka ifurike, kisha inayofuata. Katika maisha halisi maji hupita kwenye vijia vyake, kama mvua inavyopita kwenye paa kuukuu, na hapo bado tunahangaika.

Kompyuta inajuaje kama imeanguka mvua au theluji?

Inakisia. Kati ya nyuzi sifuri na 2 hivi inaweza kuwa lolote, na hewa kavu husogeza mpaka huo juu kwa sababu chembe inapoteza joto ikivukiza njiani. Kukosea nusu nyuzi hapa kunaharibu msimu mzima.

Na hata ikijua, kipimamvua kinadanganya. Upepo hupeperusha chembe juu ya mdomo wa chombo, kwa hiyo penye upepo mkali huenda kikanasa nusu ya kilichoanguka au chini ya hapo. Nimeona watu wakikesha kurekebisha fizikia ya modeli kumbe kosa liko kwenye mkebe.

Modeli ipi ni bora kuliko zote?

Hakuna, na hili si jibu la kukwepa. Watafiti wamezilinganisha kwa data moja mara kadhaa tangu miaka ya 1990, na modeli iliyoshinda kwenye kituo kimoja hushindwa kwenye kingine, au ikashindwa palepale mwaka unaofuata. Utata nao hausaidii kila mara. Ulinganisho ninaoupenda ni wa modeli 27 ambao Cécile Ménard na wenzake waliuandikia makala mwaka 2021. Wao walisema wazi kwamba sehemu ya tofauti haikutoka kwenye sayansi bali kwa binadamu: makosa kwenye programu, mafaili yaliyojazwa vibaya, mtu kuchagua thamani isiyofaa. Niliisoma nikajisikia nyumbani.

Kwa maana mimi mwenyewe, wiki ya kwanza, nililisha modeli mvua ya milimita kwa saa mahali ilipotaka kwa sekunde. Milimita 2 kwa saa ikawa mita 7.2 za maji kila saa. Nikaenda kulala. Asubuhi nikafungua grafu, theluji ya siku moja ilikuwa imepita ukingo wa kreta ya Menengai na inaendelea.

Kosa la pili ni letu sisi Waswahili na sijaliona kwenye mwongozo wowote. Kijana niliyekuwa namfundisha alisoma vipimajoto kwa bidii na kuandika kwenye daftari: saa tatu, saa nane, saa kumi na mbili. Alipoingiza kwenye kompyuta akaandika 03:00, 08:00, 12:00. Joto la mchana likawa la asubuhi. Nami kwa kumsahihisha haraka haraka nikatoa saa tatu za kwenda saa za dunia, tukawa tumekosea mara mbili. Tangu siku hiyo daftari zetu zina safu mbili, ya saa za Kiswahili na ya saa ya mtambo.

Nahitaji kompyuta ya aina gani?

Laptopu yoyote inayowaka. Anza na FSM ya Richard Essery, programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Fortran yenye swichi tano za kuwasha na kuzima michakato, hivyo inakupa modeli 32 ndani ya moja. Msimu mzima wa kituo kimoja unaisha kabla hujamaliza kupuliza chai. Hifadhi kazi mara kwa mara, stima haina adabu.

Si mngetazama tu picha za setelaiti?

Tunazitazama. Zinaonyesha theluji iko wapi, hazionyeshi vizuri ina maji kiasi gani, na kamera za kawaida hazipenyi mawingu. Milimani mawingu ndiyo wenyeji.

Nzoia, Yala na Nyando zina maji ya theluji?

Hazina. Zinatokana na mvua ya Elgon, Cherangani, Nandi na Mau. Mafuriko ya Budalang'i ni mvua, hakuna barafu ya kulaumiwa. Elgon ilikuwa na barafu enzi za kale na mabonde yake ya juu bado yana alama, ila leo haina. Barafu ya Rwenzori nayo hutiririkia Semliki kwenda Ziwa Albert, haigusi Ziwa Victoria. Nasisitiza kwa kuwa kila mara nikiwa Kisumu kuna mtu anataka niseme kinyume.

Na barafu ya Mlima Kenya imebaki kiasi gani?

Kidogo mno. Barafuto ya Lewis, iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko barafuto nyingi za tropiki, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na baadaye ikakatika vipande viwili. Kwa mtu wa modeli ni mahali pa huzuni na pa thamani: data ni ndefu, na mgonjwa anakufa.

Sina haja na theluji. Mimi nalima viazi Molo. Hesabu zako zinanifaa nini?

Swali hili aliniuliza mzee mmoja, na ndilo lililonipa kazi ya maana kuliko zote. Jalidi inayochoma viazi iko kwenye daftari lilelile la nishati. Jani la karibu nyuzi sifuri hutoa kama wati 310 hivi. Usiku usio na mawingu wala upepo, kule juu, anga kavu linaweza kurudisha 250 tu. Pengo hilo jani linalilipa kwa kupoa, likawa na baridi kuliko hewa inayolizunguka. Wingu likija, au upepo ukikoroga hewa, deni linapungua na shamba linapona.

Mzee alikuwa akilalamika kwamba kipimajoto chake kinasoma nyuzi 4 asubuhi ambayo viazi vimeungua, kwa hiyo kimeharibika. Kilikuwa kizima. Kilining'inia barazani, chini ya mabati, kimo cha uso wa mtu, na mabati yalikifichia anga kabisa. Nilimwomba anunue kingine kama hicho, akilaze kwenye kijiti katikati ya shamba, kimo cha majani, bila kitu juu yake. Juma lile lile, kabla jua halijachomoza, alinitumia picha mbili kwa simu. Cha barazani: nyuzi 4. Cha shambani kilikuwa kimefunikwa na unga mweupe, ikabidi akipanguse kwa kidole ndipo asome.